Mdomo wa Kikao

Dada yangu Bayan anafundisha uraia katika sekondari moja hapa Raskazone, Tanga, na kama hujamsikia akifundisha mada ya baraza la mawaziri, basi wewe hujamsikia. Mada nyingine anazifundisha kama walimu wote. Bendera, ngao ya taifa, haki na wajibu: anaandika ubaoni, kengele ikilia anafuta. Ikifika zamu ya mawaziri anakuwa mtu mwingine. Anavua viatu, anavaa kandambili, anazunguka darasani na sauti inampanda. Mimi ni mdogo wake, jina langu Najat, nina saluni yangu hatua chache kutoka shule yao. Siku hizo nikipita chini ya dirisha namsikia, nasema haya, mawaziri wamekuja.

Na nyumbani haachi. Tunaishi pamoja katika nyumba aliyotuachia Baba, tangu mimi niachike na mume wangu, na hayo ni mambo yangu, usiniulize. Nakaa kula wali wangu wa nazi kwa amani, mwenzangu ananifundisha.

"Sikiliza Najat. Kwenye nchi ambako serikali inatoka tumboni mwa bunge, chama chenye wabunge wengi ndicho kinatoa waziri mkuu. Huyo anawachagua wenziwe humo humo bungeni, wanakaa meza moja. Yeye ndiye anaongoza kikao, lakini si sultani. Akitaka jambo, inabidi awavute wenziwe walikubali."

"Na kwetu?"

"Kwetu anayeongoza kikao ni Rais. Waziri Mkuu anathibitishwa na wabunge, na ndiye anasimamia shughuli za serikali bungeni. Mawaziri ni wabunge vile vile. Na mbele ya Bunge wanawajibika kwa pamoja. Hilo ndilo la kushika. Kwa pamoja."

"Manaibu waziri nao wamo?"

"Hao si wajumbe wa baraza. Waziri wao ndiye anayekaa mezani."

"Basi sisi wanawake wa ukoo wetu ni manaibu waziri," nikamwambia, "tunapeleka kahawa tunafukuzwa." Alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni.

Sasa nikueleze kwa nini mwanamke mzima, mwenye shahada yake, anashikwa na homa kila ikifika mada hiyo. Nikueleze na jambo aliloliwaza usiku na mchana mwaka huu wote, maana Bayan alikuwa anataka kuolewa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo tulikwisha kumkataa.

Ukoo wetu ni wa Pangani. Babu wa babu yetu alitoka Omani, akapanda minazi, akaoa hapo hapo, akazikwa hapo hapo. Minazi tumegawana mpaka kila mtu ana vijiti viwili vitatu, ila utaratibu wa ukoo haujagawanywa. Posa ikija kwetu haijibiwi na mtu mmoja. Wanaume wanakutana Pangani kwa mkubwa wao, Ami Sleyum, kaka yake Baba. Mlango unafungwa, pazia linashushwa, kahawa inaingia. Humo ndani wanaweza kugombana, wakapigiana meza, wakatajiana mpaka ya babu zao. Wakitoka, wametoka na jibu moja na mdomo mmoja. Mdomo ni wa mkubwa. Nani alitaka na nani hakutaka, hutajua. Ukiuliza unaambiwa hilo ni la kikao, nenda kapike.

Bayan alipokuwa bado msichana, anamaliza chuo, alipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha shule moja huko Pangani. Jenereta ya shule ikaharibika, akaitwa fundi kutoka Ushongo, kijiji cha wavuvi. Fundi mwenyewe ni Uweso. Mrefu, mweusi, mpole, mikono yote mafuta, na akicheka anaangalia pembeni kama ameiba. Jenereta ile ilitengenezwa mara nyingi kuliko ilivyoharibika. Mie nilikuwa nimeshaolewa wakati huo, nikienda kumsalimia dada namkuta anaimba peke yake akifua. Nikajua hapa kuna mtu.

Uweso akafanya mambo kwa heshima. Akamtuma mshenga, Mzee Zubeiri, mtu wa maneno matamu na kanzu iliyopigwa pasi. Kikao kikakaa. Mimi na Bayan tulikuwa Tanga tunasubiri, lakini Bayan hakuweza kusubiri, akanivuta tukaenda Pangani, tukajibanza nyumba ya jirani ili tuone kibaraza cha Ami. Tukaona mlango unafunguliwa. Ami Sleyum akatoka mbele, fimbo mkononi, uso kama amekunywa shubiri. Nyuma yake ami yetu mdogo, Masoud, na wazee wengine wa ukoo. Nyuma kabisa Baba, anatazama sakafu.

Ami akamwambia Mzee Zubeiri, kwa sauti ile yake kubwa: "Ukoo umekaa. Tumewashukuru kwa kutuheshimu. Ukoo umeona hapana."

Basi. Hakutoa sababu. Sababu mtaa uliitoa wenyewe: kwamba Waarabu hawampi binti yao mtoto wa mvuvi. Na kwa kuwa neno limetoka kinywani mwa Ami Sleyum, likakaa shingoni kwa Ami Sleyum. Watu wa Ushongo waliacha kumsalimia. Bayan aliacha kuingia nyumbani kwake. Akimkuta njiani anasema "Shikamoo" kwa mbali, mkono hampi, na marahaba yake haisubiri.

Baba yetu, Badru, Mungu amrehemu, yeye alikuwa kipenzi chake. Mama alikufa tukiwa wadogo, Baba akatulea hakuoa tena. Siku ile ya kukataliwa alimshika Bayan kichwa akamwambia, "Mwanangu, ya kikao ni ya kikao." Akatoka akaenda msikitini akakaa huko mpaka isha. Bayan akaelewa alivyoelewa: kwamba Baba alimtetea humo ndani, akashindwa na kaka yake, na sasa adabu inamziba mdomo. Akampenda mara mbili ya zamani. Alipangiwa shule huku Raskazone akakaa naye nyumba moja. Alimpikia, alimsomea magazeti macho yalipokwisha, alimkata kucha. Wengine walikuja kuposa, tena watu wa maana, mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi! Akawakataa wote. Nikimuuliza unangoja nini, anasema hangoji kitu.

Muongo. Uweso alioa huko Ushongo, akazaa, na Bayan alijua majina ya watoto wote. Uweso alikuwa anatengeneza na mashine za boti, basi redio ikitangaza boti imezimika baharini, anaacha kijiko hewani mpaka jina litajwe. Unamtazama unataka kumpiga kofi, unataka kumkumbatia, hujui lipi litangulie.

Na hapo ndipo mawaziri wanapoingia. Mwaka jana nilimpelekea simu yake aliyoisahau nyumbani, nikamkuta kati ya somo, nikasimama mlangoni. Ana utaratibu wake wa kufundishia mada hiyo. Anapanga viti mbele kwa duara, anachagua wanafunzi wawe baraza, waliobaki ndio Bunge. Baraza linapewa jambo. Siku hiyo jambo lilikuwa kufunga miamba isivuliwe pweza kwa msimu mzima ili wazaliane. Waziri wa uvuvi alikuwa msichana mmoja, Hasina, mtoto wa wavuvi, mdogo wa mwili lakini anaongea kama cherehani.

Baraza likatoka nje, likajifungia katika darasa tupu, Bunge wakabaki wanapiga domo. Tulisikia Hasina anavyopiga kelele huko. Kina mama wanaochokoa pweza watakula nini? Nani atawalisha? Wenzake nao wanamjibu. Hawakupiga kura. Bayan alishawaeleza kwamba barazani aghalabu watu hawanyooshi mikono, wanaongea mpaka mwenyekiti anasema, naona tumefika hapa. Akishasema hivyo, ndiyo imekuwa ya wote. Mwanafunzi aliyepewa uwaziri mkuu na uenyekiti akasema naona tumefika hapa: miamba inafungwa.

Wakarudi. Na nani anasimama kujibu maswali ya Bunge? Waziri wa uvuvi. Hasina akasimama. Mwanafunzi mmoja akanyanyuka akamuuliza: "Mheshimiwa Waziri, wewe mama yako anachokoa pweza. Humo ndani ulisema nini?"

Mtoto wa watu akanyoosha mgongo. Akasema, "Serikali imeamua kufunga miamba kwa faida ya wavuvi wenyewe."

"Nimeuliza wewe ulisema nini!"

"Serikali imeamua."

Darasa zima likazomea. Hasina machozi yanamlengalenga. Bayan akapiga meza.

"Nyamazeni! Mnamzomea nani? Mmesikia alichosema humo? Hamkusikia, na hamtasikia. Waziri anaapa kutunza siri ya kikao. Kama halibebeki, ana mlango mmoja: anajiuzulu, anarudi kukaa na nyinyi huko nyuma, kisha anasema anavyotaka. Asipojiuzulu, amelibeba, na atalitetea kama lake. Na nyinyi Bunge mkikasirika, hammng'oi mmoja mkawaacha waliobaki. Mnapiga kura ya kutokuwa na imani na waziri mkuu, likiangushwa jahazi wameanguka wote."

Kisha akamshika Hasina bega, akamwambia taratibu, "Umefanya vizuri, mama." Nikaona na yeye macho yamelowa. Nikaweka simu mezani nikaondoka.

Alipokuja nyumbani nilimuuliza vipi mwalimu analia darasani. Akasema, "Nilimwona Baba pale. Amesimama nyuma ya Ami, amebeba jibu ambalo si lake."

"Mbona hakujiuzulu?"

"Mtu anajiuzuluje kwenye ukoo, Najat? Akakae wapi?"

Baba wakati huo alikuwa ameshafariki, na Bayan alimtaja kila siku kama amekwenda sokoni atarudi.

Mwaka huu basi, mke wa Uweso alikuwa amekufa zamani na watoto wameshakuwa wakubwa, Mzee Zubeiri akaingia saluni kwangu. Mzee mzima, kanzu ile ile ya pasi, anaingia katikati ya wanawake wenye rangi ya nywele vichwani. Wateja wakajifunika taulo. Akasema, "Mwanangu Najat, mie nimetumwa, na nimetumwa na mtu yule yule." Nilipiga ukelele mpaka jirani akadhani pana moto.

Nilimwambia Bayan jioni ile, akikuna nazi. Mkono ukasimama juu ya mbuzi. Akasema, "Namtaka." Hivyo tu. Hakuzunguka, hakuona haya. "Namtaka, Najat. Nimemtaka kila siku. Nikilala namtaka, nikisahihisha mitihani namtaka." Kisha akaanza kulia, na sababu ya kulia naijua. Sisi hatukuzaliwa na kaka. Baba amekufa. Walii wa Bayan, yule ambaye kwa sheria ya dini yetu ndiye anayemuozesha, sasa ni Ami Sleyum. Na mwenyekiti wa kikao ni Ami Sleyum. Na mdomo ni Ami Sleyum.

"Atakataa tena," akasema. "Na safari hii hayupo hata Baba wa kunisemea."

Wiki ile hakula vizuri. Alikuwa anavaa gauni, anavua, anasema amezeeka. Nikamwambia Uweso naye hana jino moja, nimemwona. Akanirushia kifuu.

Kikao kiliitwa Ijumaa baada ya sala, na tulikwenda Pangani wote wawili. Bayan aliingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu zamani hizo, mguu mmoja unaingia mwingine hautaki. Bi Muzna, mke wa Ami, alitupokea kwa udi na kutubusu, akatuweka chumba cha ndani. Kati yetu na wanaume pana pazia na ukuta mnene wa mawe. Sauti zinasikika, maneno hayasikiki. Ami Masoud akatumwa kuja kumuuliza Bayan kama ameridhia. Bayan akasema, "Nimeridhia," kwa sauti ya mwalimu, mpaka barabarani walisikia.

Sikukaa kungoja sana. Kahawa haijapoa, mlango ukafunguliwa, tukasikia fimbo ya Ami kibarazani, na sauti ile ile kubwa: "Ukoo umekaa. Tumewashukuru kwa kutuheshimu. Ukoo umeona ni kheri. Leteni siku."

Bi Muzna alipiga kigelegele cha kuezua mapaa. Mimi nikaruka, nikamkumbatia dada, nikampaka hata wanja mashavuni kwa kulia. Mwenyewe alikuwa kama gogo. Alinitoa mikono polepole, akasimama, akatoka nje. Nikamfuata mbio, nikijua kuna balaa.

Mzee Zubeiri na wenziwe walikuwa wameshaondoka, Ami Masoud anawasindikiza. Kibarazani amebaki Ami Sleyum peke yake kwenye kiti chake cha ukindu, anasugua goti.

"Ami," Bayan akasema, "leo kimebadilika nini?"

"Kikao kimeona ni kheri, mwanangu."

"Uweso ni yule yule. Baba yake ni mvuvi yule yule, Ushongo ni ile ile. Sasa kimebadilika nini? Au kwa kuwa mimi nimeshakuwa ajuza, sina thamani tena kwenu?"

"Bayan, furahi. Usichimbe."

"Kila siku kikao, kikao! Umenimalizia ujana wangu kwa kikao. Ningekuwa na watoto wakubwa sasa hivi! Baba alikusihi humo ndani, ndugu yako wa tumbo moja, ukamkanyaga. Alikufa na hilo moyoni, nilikuwa namwona. Na wewe hata siku moja hukuniomba radhi."

Wallahi niliogopa. Kwetu hapana mtu anayemsemesha Ami hivyo. Alitazama fimbo yake, akaitia mkono, akaigeuza. Bayan akazidi kupandwa.

"Si useme! Jitetee!"

Bi Muzna alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya halua. Aliiweka chini kwa kishindo.

"Sleyum, mwambie."

"Muzna."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Muzna, hayo si yako kuyatoa."

"Na mimi si wa kikao chenu! Sikuapa kwa mtu!" Akamgeukia Bayan. "Mie nilikuwa nyuma ya pazia hilo na birika la kahawa mkononi, nimezuiwa kuingia kwa jinsi walivyokuwa wanagombana. Aliyekusemea siku ile ni huyu unayemtukana. Alisema mpaka sauti ikamkauka. Alisema kijana ana kazi, ana adabu, anaswali, mnataka nini? Masoud akaunga mkono. Wote waliunga mkono. Mmoja tu ndiye aliyekataa, na bila yeye haiozeshwi."

"Nani?"

"Nani tena? Walii wako wa siku ile."

"Walii wangu alikuwa Baba," Bayan akasema, kama anamsahihisha mwanafunzi.

Bi Muzna akaitikia kwa kichwa. Nikamtazama Ami nimtegemee yeye aseme huu ni uongo, mama huyu amechanganyikiwa. Ami alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alilia," Bi Muzna akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Badru alilia humo kama mtoto. Alisema mkewe amemtangulia, Najat ameolewa, Bayan akienda Ushongo yeye atabaki na kuta. Alisema, mkimtoa mmenizika. Basi wangefanya nini? Kisha akamshika kaka yake miguu. Akamwambia, nenda wewe ukaseme, mie siwezi kumtazama mtoto wangu usoni."

Mimi naomba niseme ninavyohisi, maana Bayan hawezi kusema. Nilimkasirikia Baba yangu siku ile hasira ambayo sijawahi kumkasirikia mtu, hata mume aliyeniacha. Na papo hapo nikamwona amesimama jikoni kwetu Raskazone. Ami akija kututembelea, Bayan alikuwa anajifungia chumbani ili asimpe chai, na Baba mwenyewe, macho hayaoni vizuri, alikuwa anakwenda kupapasa majani na sukari amtengenezee kaka yake. Mie nilidhani ni ukarimu.

Bayan alikaa chini. Hapo hapo sakafuni, na gauni lake jipya.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza Ami. Ukali wote ulikuwa umemtoka sautini.

Ami alikohoa. "Ningekwambia, ungemwacha. Nani angemtazama? Mie nina Muzna, nina watoto. Yeye alikuwa na wewe." Akapumzika kidogo. "Na ukishatoka na jibu mlangoni, mwanangu, ni lako. Nitoke niseme ukoo umekataa, halafu nikuite pembeni nikunong'oneze kwamba mie sikukataa? Hicho kitakuwa kikao gani?"

"Ungejitoa kikaoni. Ungesema wewe hukukubali."

"Nilitaka. Usiku ule nilitaka." Alinyanyua fimbo akaitua. "Nikajiuliza, nikitoka mimi, Badru atasimama na nani."

Bayan alisogea kwa magoti mpaka kwenye kiti cha ukindu. Akachukua mkono wa Ami, ule ule aliokuwa hataki kuushika, akaubusu, akauweka kichwani mwake, akabaki hivyo. Mzee akawa anampapasa nywele hovyo hovyo, mtu asiyezoea. "Basi," anasema, "basi, basi." Bi Muzna aliingia ndani akajifuta machozi kwa pazia. Mie nilikula halua yote iliyokuwa karibu, sijui kwa nini, sikuwa na njaa.

Tuliondoka alasiri. Stendi ya Pangani hakukuwa na watu wengi, tukakaa kwenye benchi la muuza maji. Nilijaribu kumchekesha Bayan nikashindwa, nikaacha maneno, jambo ambalo watu wa saluni kwangu hawataliamini.

Simu yake ikalia. Uweso. Mzee Zubeiri alikuwa ameshamfikishia habari. Bayan aliweka sauti ya nje, nikasikia mwanaume anacheka na kulia kwa pamoja, anasema Alhamdulillahi, anasema hajui aseme nini, anasema amewaambia mpaka watalii wa pale pwani na hawajui hata anaongea nini. Kisha akasikia kwamba upande wa pili hakuna anayecheka.

"Bayan? Unalia?"

"Ndiyo."

"Umejuta?"

"Sijajuta."

"Kama hutaki sema, mke wangu. Mie nimezoea kungoja, sitakulaumu."

"Nakutaka, Uweso. Nilikutaka toka siku ya jenereta, nakutaka leo."

"Sasa mbona unalia hivyo?"

Muuza maji alimtazama akageuza uso. Nikamshika kiunoni.

"Namtaka Baba," akasema. "Namtaka arudi, Uweso, hata kwa saa moja. Nimgombeze mpaka nichoke, halafu nimkate kucha."